Hukununua, Usitishike: Namna ya Kutambua na Kukabili Ujumbe wa Ulaghai wa Manunuzi

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

   

Namshukuru Mheshimiwa Diwani kwa kunipa nafasi hii baada ya taarifa za maji na barabara. Najua jua limekwisha kupanda, na wengine mmeacha dagaa kwenye vichanja. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Nianze kwa kukiri jambo. Usiku mmoja, nikiwa nyumbani kwa mama yangu Ujiji, simu yangu ilipokea barua pepe iliyoandikwa kwa Kiingereza safi, yenye nembo ya duka kubwa la mtandaoni. Ilinishukuru kwa kununua simu mpya. Ilitaja namba ya oda, siku ya kupokea mzigo, na bei: dola 489, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Chini yake palikuwa na maneno haya: kama hukufanya ununuzi huu, bonyeza hapa kuusitisha ndani ya saa ishirini na nne.

Sikuwa nimenunua simu. Lakini miezi michache nyuma nilikuwa nimetumia kadi yangu ya benki kulipia mafunzo mtandaoni, na mawazo yakaenda huko moja kwa moja: kadi yangu imeibwa. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa ulionitaka niandike anwani yangu ya barua pepe na nywila yake ili nithibitishe kuwa mwenye akaunti ni mimi. Nikaandika anwani. Nikaanza kuandika nywila.

Mama aliona uso wangu umebadilika, akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa haraka huku naendelea kuandika. Mama yangu hana barua pepe wala kadi ya benki. Maisha yake yote ameuza dagaa. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo pesa yenyewe imeshatoka?"

Nikasita. Nikafungua huduma ya benki kwenye simu, nikatazama salio. Hapakuwa na shilingi iliyopungua. Hapakuwa na simu iliyonunuliwa wala oda. Kilichokuwapo ni mtu, mahali nisipopajua, aliyekuwa akingoja nimalizie kuandika nywila yangu.

Ndugu wananchi, mimi nimesomea mawasiliano ya umma, na kazi yangu ya kila siku ni habari. Nilinusurika kwa swali la mama muuza dagaa. Ndiyo sababu leo sikuja kuwaambia kuwa wanaotapeliwa ni wajinga. Nimekuja kuwaeleza hadaa hii imejengwaje, ili swali lile la mama liwe la kila mmoja wetu.

Hofu ndiyo chambo

Tumezoea utapeli unaokuja na tamaa: umeshinda zawadi, umechaguliwa kupata mkopo, kuna ajira ng'ambo. Watu wengi siku hizi wanaujua, wanaupuuza. Huu ninaousema leo unapita mlango mwingine. Haukuahidi kitu. Unakuambia kwamba umekwisha kupoteza. Unakutajia kitu ambacho hukununua ili ukimbilie kukikataa, na katika kukikataa ndipo unapotoa namba ya siri, nywila au pesa yenyewe.

Wavuvi wetu wanalielewa jambo hili kuliko mimi. Usiku wa giza, mvuvi wa dagaa hawafukuzi dagaa ziwani. Anawasha taa na kutulia. Dagaa hujikusanya wenyewe kwenye mwanga, na wavu unapoinuliwa wote wamo. Tapeli wa mtandao hafanyi tofauti. Hatumi barua moja kwa mtu mmoja aliyemchunguza. Anatuma maelfu kwa maelfu ya anwani na namba, bila kujua nani ana kadi, nani hana. Aliyewasha taa hahitaji dagaa wote. Anahitaji wale watakaosogea.

Kwa hiyo usishangae ujumbe ukitaja jambo linalokaribiana na maisha yako. Katika maelfu ya watu, lazima wapo walionunua kitu juzi, wapo waliolipia king'amuzi jana, wapo wanaongoja mzigo kutoka Dar es Salaam. Mlengwa anadhani anajulikana, kumbe amebahatishwa.

Hadaa hii haikuanzia kwetu. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara imewatahadharisha wananchi mara nyingi kuhusu ankara za uongo zinazotumwa kwa majina ya kampuni maarufu kama Amazon na PayPal. Mtu huambiwa kuwa ametozwa mamia ya dola kwa huduma asiyoijua, na hupewa namba ya kupiga ili arudishiwe. Akipiga, humwambia apakue programu inayomruhusu tapeli kuiendesha kompyuta yake kutoka mbali. Kisha humwonesha kwenye kioo kwamba amerudishiwa pesa nyingi kupita kiasi kwa makosa, na humsihi arudishe ziada. Ziada hiyo haikuwahi kuwapo. Anachorudisha ni akiba yake.

Sasa nawaomba mtafakari: hilo la "nimekosea, nirudishie" halitukumbushi kitu? Ndugu zetu wengi wamepokea ujumbe wa maandishi unaofanana kabisa na ule wa kupokea pesa, wenye salio na namba ya muamala, kisha ndani ya dakika moja simu inaita: "Samahani mama, nimekosea namba, hiyo ni ada ya mtoto, naomba unirudishie." Mama mwenye huruma anarudisha bila kutazama salio. Alichorudisha ni chake. Tunaujua pia ule ujumbe maarufu nchini kote, unaosema ile pesa itume kwenye namba hii. Nao unabahatisha vivyo hivyo: unamngoja mtu ambaye siku hiyo kweli alikuwa na pesa ya kumtumia mwenzake.

Barua pepe ya Marekani na ujumbe wa simu unaopokelewa Kibirizi ni ndugu wa baba mmoja. Zote mbili zinataka uamini maandishi kabla hujatazama pesa yako mwenyewe.

Dalili zake

Tapeli wa zamani tulimtambua kwa lugha mbovu. Leo msitegemee hilo. Ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha na Kiingereza kisicho na kosa, na nembo za kampuni hunakiliwa kwa urahisi. Tutazame mambo ambayo tapeli hawezi kuyakwepa.

Kwanza, anakupa haraka. Saa ishirini na nne, dakika kumi, "akaunti yako itafungwa leo". Haraka hiyo ina kazi maalumu: kukuzuia usiulize mtu.

Pili, anakupa njia yake. Ndani ya ujumbe kuna kiungo cha kubonyeza, au namba ya kupiga, au faili la kufungua. Ukifuata njia hiyo, kila utakayemkuta huko ni mtu wake, hata akijiita huduma kwa wateja.

Tatu, jina na anwani havilingani. Barua pepe huonesha jina la mtumaji kwa herufi kubwa, lakini mtu anaweza kujipa jina lolote. Gusa jina hilo uone anwani kamili. Kampuni kubwa haiandikii wateja wake kutoka kwenye anwani ya bure ya mtu binafsi. Na kwa tovuti, tazama mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza. Tovuti za taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na go.tz. Neno hilo likiwekwa katikati, kisha jina likaendelea na kuishia na kitu kingine, hiyo si tovuti ya Serikali.

Nne, na hii ndiyo kubwa: anakuomba siri. Namba ya siri ya pesa ya simu, nywila ya barua pepe, tarakimu tatu za nyuma ya kadi, au ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako. Hakuna benki wala kampuni ya simu inayohitaji umtajie mtu siri hizo ili ikurudishie pesa. Siri hizo ni za kutolea pesa. Anayezitaka anataka kutoa.

Nini cha kufanya

Ukipokea ujumbe wa manunuzi usiyoyafanya, usibonyeze, usipige namba iliyomo, usijibu hata kwa kutukana. Ukijibu, tapeli anajua kwamba namba au anwani hiyo ina mtu.

Kisha nenda kwenye pesa yako kwa njia yako mwenyewe. Kama ni pesa ya simu, piga menyu uliyoizoea utazame salio na miamala ya karibuni. Kama ni benki, fungua programu ya benki uliyonayo siku zote, au nenda tawini, au kwa wakala unayemfahamu. Kama una akaunti katika duka la mtandaoni, ifungue kama unavyoifungua siku nyingine, utazame orodha ya oda zako. Mama zetu wanaponunua dagaa hawanunui kwa maneno ya muuzaji. Wanafungua gunia na kuingiza mkono mpaka chini, waone kama kuna mchanga. Salio ndilo gunia lako. Lifungue mwenyewe.

Ukikuta pesa haikutoka, jambo limekwisha. Ripoti ujumbe huo, kisha ufute. Ukikuta kweli kuna pesa iliyotoka, hapo piga simu upesi, lakini kwa namba unayoijua wewe: iliyo nyuma ya kadi yako ya benki, au namba 100 ya huduma kwa wateja wa simu. Kamwe si namba iliyoletwa na ujumbe.

Akipiga mtu akidai amekosea kukutumia pesa, tazama salio kwanza. Hata ukikuta imeingia, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie kwa upole awasiliane na mtandao wake, nao utaushughulikia muamala. Mwenye haki atakubali. Mwenye hila atakufokea, na ukali wake utakuwa ushahidi.

Namba inayotumika kwa utapeli iripotini Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, mkifuata maelekezo yatakayorudi. Pia mpige *106# mhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha taifa. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na wapo wanaowadanganya wazee waweke dole mara mbili au tatu, kisha laini ya ziada ikatumika kwa uhalifu. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda ofisi ya mtandao husika ikaondolewe. Usingoje polisi waje kuulizia laini iliyo kwa jina lako.

Kwa vijana, nina neno la pekee. Wengi wenu mnadhani barua pepe haina kitu kwa kuwa haina pesa. Lakini kwa barua pepe hiyo umeomba kazi, umeomba mkopo wa masomo, umehifadhi picha za vyeti vyako na majina yote ya simu yako. Atakayeipata anaweza kubadili nywila za akaunti zako nyingine, kwa sababu maelekezo ya kuzibadili hutumwa humo. Iwekeni nywila ambayo haitumiki mahali pengine, na washeni uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio yake. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Na ukimaliza yako, wawekee na wazazi wako.

Ikiwa umekwisha kunaswa

Hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopoteza zaidi ya walichopoteza.

Mtu akigundua kuwa ametapeliwa, kitu cha kwanza anachofanya ni kunyamaza. Baba anaona haya mbele ya watoto. Mama anaogopa atamwambia nini mumewe. Mtunza hazina wa kikundi, aliyekuwa na akiba ya wanachama kwenye simu, anatamani ardhi ipasuke. Anakaa siku tatu akitafuta namna ya kuirudisha kimyakimya, labda kwa kukopa. Katika siku hizo tatu tapeli amekwisha kutoa pesa, ametupa laini, na yuko kwenye laini nyingine.

Ndugu zangu, katika jambo hili dakika zina thamani kuliko heshima. Kama ulitoa namba ya siri, ibadili sasa hivi, kisha upige simu mtandao wako uombe akaunti ifungwe kwa muda. Kama ulitaja tarakimu za kadi, iambie benki iizuie kadi. Kama ulitoa nywila ya barua pepe, ibadili kwa kutumia kifaa kingine. Kama ulishawishiwa kupakua programu, zima intaneti ya simu, iondoe programu hiyo, na usiingie benki kwa simu hiyo mpaka mtu mwenye ujuzi ameikagua.

Usifute ujumbe wa tapeli. Huo ni ushahidi. Nenda nao kituo cha polisi pamoja na namba ya muamala, tarehe na saa, ufungue jalada na upewe namba ya RB. Nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kulaghai kwa kompyuta au kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa la jinai chini yake. Siwezi kuwaahidi kuwa kila pesa itarudi. Lakini pesa iliyoripotiwa mapema ina nafasi ya kuzuiwa kabla haijatolewa. Pesa iliyonyamaziwa haina.

Na kwa sisi tunaosikiliza habari ya mwenzetu aliyetapeliwa: tusimcheke. Kicheko chetu cha leo ndicho kitakachomfanya jirani wa kesho anyamaze. Viongozi wa vikundi nawaomba mkubaliane mapema kwamba mtunza hazina akipata msukosuko atatoa taarifa siku hiyo hiyo, na kwamba mtamsikiliza kabla ya kumhukumu. Pia fedha za kikundi zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja. Anayehitaji sahihi ya wenzake hawezi kuharakishwa na mtu wa simu.

Kuhusu malipo ya Halmashauri

Nimalizie na ya nyumbani kwetu. Wapo wanaoweza kutumia jina la Halmashauri: leseni yako imelipiwa pungufu, una deni la kibanda cha soko, kikundi chako kimepitishwa kwenye mkopo wa asilimia kumi ila mtume kwanza gharama ya fomu.

Malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tuliyozoea kuiita kontro namba. Ina tarakimu 12, nayo huanza na 99. Mtumishi yeyote anayekutaka utume pesa ya leseni, ushuru au mkopo kwenye namba yake binafsi ya simu, usimtumie, hata akiwa na jina unalolijua. Chukua jina hilo, njoo nalo ofisi ya kata au kwa Mtendaji wa Kijiji, uulize. Kuuliza si ujinga, na ofisi ile ni yenu. Hata namba ya malipo iliyo sahihi kwa sura, kama hukuiomba na hujui ni ya deni gani, njoo uihakiki kabla ya kulipa.

Mzee mmoja aliniuliza kabla ya mkutano: "Sasa kijana, tusiamini kitu chochote?" Hapana, mzee wangu. Ujiji ilikuwa soko kubwa karne nyingine, kabla reli haijafika Kigoma. Chumvi ya Uvinza, nguo za pwani na bidhaa za ng'ambo ya ziwa zilikutana hapa, na watu waliaminiana ndipo wakauziana. Lakini waliaminiana baada ya kuonana na kuugusa mzigo. Tusiache kuaminiana. Tuache kuamini kabla ya kutazama.

Wavuvi watanisahihisha nikikosea: mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti dagaa, na wavuvi wengi hupumzika. Maarifa haya yakiwa kwa mtu mmoja mmoja, tapeli ataendelea kuwasha taa yake gizani. Yakienea nyumba kwa nyumba, taa yake haitavuta mtu. Kwa hiyo naomba kila aliyenisikia leo akifika nyumbani amweleze mtu mmoja ambaye hakuja, hasa mzee mwenye simu na kijana mwenye haraka. Akisahau yote niliyosema, amfundishe swali moja la mama yangu: hiyo pesa yenyewe imeshatoka?